Umefungiwa Leseni: Mambo ya Kujua Kabla Hujawasha Gari

Kijitabu kwa madereva na familia zinazozungumza Kiswahili jimboni Michigan, Marekani

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria zake za barabarani, na aliyehama kutoka Kentucky kwenda Michigan huona tofauti upesi. Kijitabu hiki ni cha Michigan tu. Tumekiandika kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka Kivu na Katanga, Kigoma na Mombasa, Bujumbura na kambi za wakimbizi, ambao sasa wanaishi Grand Rapids, Lansing, Kalamazoo na miji mingine ya jimbo hili, mahali ambapo basi ni la kusubiri na kazi iko mbali na nyumbani. Ni elimu kwa umma. Hakichukui nafasi ya wakili aliyesoma faili lako.

Tunaanza na jambo ambalo watu wengi hulielewa wakiwa wamechelewa. Kufungiwa leseni, mara nyingi, ni suala la karatasi: deni, barua, ada, kikao ambacho hukufika. Kuendesha gari wakati leseni imefungwa ni jinai. Kati ya hayo mawili kuna hatua moja tu, nayo ni kuwasha gari.

Barua iliyokwenda nyumba ya zamani

Chukua mfano huu, ambao tumeutunga wenyewe. Mama mmoja anafanya zamu ya usiku kiwandani, mwendo wa nusu saa kutoka kwake. Mwezi wa tatu anapewa tiketi ya mwendo kasi. Anaiweka kwenye droo ya jikoni akisema atailipa mshahara ukitoka. Mwezi wa nne familia inahamia nyumba nyingine, mitaa miwili tu kutoka ile ya awali. Anabadilisha anwani benki, shuleni kwa watoto na Idara ya Uhamiaji. Mahakama inaandika barua. Inakwenda nyumba ya zamani. Ofisi ya leseni inaandika barua. Nayo inakwenda kulekule. Mwezi wa nane taa ya nyuma ya gari inaungua, polisi anamsimamisha alfajiri akitoka kazini, na hapo ndipo anaposikia kwa mara ya kwanza kwamba leseni yake ilifungwa wiki kadhaa zilizopita. Tiketi ile ingemalizika kwa faini bila jela wala rekodi ya jinai. Sasa anashtakiwa kwa kosa ambalo linaweza kumlaza jela ya kaunti.

Utaratibu wa kisheria nyuma ya mkasa huo uko hivi. Usipojibu tiketi au usipofika mahakamani, baada ya siku 28 mahakama hukutumia taarifa kwa posta. Taarifa hiyo hukupa siku 14 za kujitokeza. Zikipita kimya, mahakama huiarifu ofisi ya Secretary of State, ambayo hapa Michigan ndiyo inayotoa leseni, nayo huifunga. Hakuna askari atakayekuja kubisha hodi ili akuambie.

Je, ukisema hukujua? Sheria inadai kweli kwamba dereva awe amearifiwa. Ila "kuarifiwa" maana yake ni kwamba taarifa ilitumwa kwa posta ya kawaida kwenye anwani yako ya mwisho iliyo kwenye kumbukumbu zao. Kama anwani hiyo ni ya nyumba uliyohama, kosa ni lako, kwa sababu sheria inakutaka utoe taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10. Na hapa familia nyingi za wahamiaji hunaswa: zinajua kwamba Idara ya Uhamiaji nayo inataka anwani mpya ndani ya siku 10, zinajaza fomu ya AR-11, zinadhani serikali imeshajua. Hizo ni serikali mbili, ya taifa na ya jimbo, na hazipashani habari za anwani yako. Ukihama, toa taarifa kote kuwili.

Kwa nini leseni hufungwa

Zamani Michigan ilikuwa inafunga leseni kwa karibu kila deni. Mwaka 2018 pekee zilifungwa zaidi ya leseni 350,000 kwa sababu ya watu kutolipa faini au kutofika mahakamani. Kikosi kazi kilichoundwa mwaka 2019 kuchunguza jela za kaunti kilikuta kwamba kuendesha bila leseni halali ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za watu kuingizwa jela jimboni. Yaani watu walikuwa wanafungiwa leseni kwa kukosa pesa, wanaendesha ili wapate pesa, wanakamatwa kwa kuendesha, wanadaiwa pesa zaidi. Kulikuwa pia na ada za kila mwaka walizotozwa madereva juu ya faini za mahakama, zilizoanza mwaka 2003. Zilikusanya chuki nyingi, na mwaka 2018 jimbo lilizifuta pamoja na madeni yake.

Mageuzi ya sheria yalisainiwa na Gavana Gretchen Whitmer Januari 2021 na kuanza kutumika Oktoba mwaka huohuo. Tangu hapo makosa mengi yasiyohusu uendeshaji wa hatari hayafungi tena leseni. Watu wengi walifunguliwa bila hata kuomba, na wapo ambao mpaka leo hawajui. Kama leseni yako ilifungwa kabla ya mwaka 2021 na hujawahi kuulizia, ulizia.

Lakini mlango haukufungwa wote. Tiketi za uendeshaji wenyewe, kama mwendo kasi au kupita taa nyekundu, ukizipuuza bado zinaweza kukufungia. Pombe na dawa za kulevya zinafungia: kosa la kwanza la kuendesha ukiwa umelewa kwa kawaida huleta kufungiwa leseni kwa hadi miezi 6, na ukikataa kupimwa baada ya kukamatwa, leseni hufungwa mwaka mzima hata kama baadaye mahakama haitakutia hatiani kwa ulevi. Ukikataa kipimo una siku 14 tu za kuomba usikilizwe. Malimbikizo ya matunzo ya watoto yanafungia pia, kupitia ofisi ya mahakama iitwayo Friend of the Court. Tunawaambia akina baba hasa: ukipoteza kazi, nenda kaombe kiwango cha matunzo kipunguzwe siku hizohizo. Deni lililokwisha kupanda halishuki kwa sababu ulikuwa huna kazi.

Kufungiwa, kufutiwa, kuwekewa masharti

Leseni iliyofungwa ina tarehe ya mwisho au sharti la kutimiza, na ukilitimiza inafunguliwa. Leseni iliyofutwa haina tarehe ya kurudi. Ni lazima uombe upya na usikilizwe na ofisa wa ofisi ya Secretary of State, baada ya kukaa bila leseni angalau mwaka mmoja, na kwa aliyefutiwa kwa mara nyingine miaka 5. Kukutwa na hatia ya ulevi mara mbili ndani ya miaka 7 hufuta leseni. Ukiendesha, iwe imefungwa au imefutwa, adhabu ni chini ya kifungu kilekile cha sheria, kwa hiyo usijifariji kwamba yako "imefungwa tu".

Leseni ya masharti ni ruhusa nyembamba: kwenda na kurudi kazini, shuleni, hospitali, kwenye matibabu uliyoamriwa, mahakamani. Unatakiwa ubebe uthibitisho wa unakokwenda na saa zako. Dereva mwenye barua ya mwajiri inayoonyesha zamu ya saa 11 jioni hana maelezo akikutwa saa 4 asubuhi nje ya duka la nguo.

Leseni ya nyumbani, iwe ya Kongo au ya Tanzania, haifungui iliyofungwa hapa. Vibali vya kimataifa vya udereva navyo havisaidii, ingawa kuna watu mtandaoni wanaoviuza kwa maneno matamu. Kilichofungwa ni haki yako ya kuendesha ndani ya jimbo. Kadi ni alama yake tu. Kuhamia jimbo jingine pia hakukuponyi. Marekani ina rejesta ya taifa ya madereva wenye matatizo, na ofisi ya leseni ya Ohio au Iowa itaiangalia kabla ya kukupa yoyote.

Adhabu

Kosa hili limewekwa katika kifungu cha 904 cha sheria ya magari ya Michigan. Kwa mara ya kwanza adhabu ni hadi siku 93 jela, au faini ya hadi dola 500, au vyote viwili. Mara ya pili na zinazofuata, ni hadi mwaka mmoja jela, faini ya hadi dola 1,000, au vyote viwili. Juu ya faini kuna gharama za mahakama, ambazo watu huzisahau wanapopiga hesabu.

Kwa kweli wengi wanaokamatwa mara ya kwanza hawalali jela siku hizo 93. Tunasema hivyo ili usikate tamaa, si ili ujaribu bahati. Kinachoumiza zaidi kwa kawaida ni kile kinachokuja nyuma ya hukumu: ofisi ya leseni ikipata rekodi ya kosa hilo huongeza kipindi kingine cha kufungiwa, chenye urefu sawa na kile ulichokuwa unakitumikia. Uliyebakiza mwezi mmoja unajikuta umeanza upya. Gari huvutwa likapelekwa yadi, na yadi hutoza kwa kila siku linapokaa pale. Kwa wanaorudia kosa, mahakama inaweza kuamuru gari lifungwe lisitembee kwa hadi siku 180, na kwa waliokwisha kuwa sugu, hadi miaka 3.

Halafu kuna ajali. Ukisababisha kifo ukiwa unaendesha wakati umefungiwa, kosa linapanda na kuwa jinai nzito: hadi miaka 15 gerezani na faini ya kati ya dola 2,500 na 10,000. Ukimjeruhi mtu vibaya, ni hadi miaka 5 na faini ya kati ya dola 1,000 na 5,000.

Wengi wanaamini kwamba sheria hii ni ya barabara kuu. Siyo. Inahusu barabara yoyote na mahali popote palipo wazi kwa umma au panapofikika kwa magari, na inataja waziwazi maegesho. Kusogeza gari kutoka upande mmoja wa maegesho ya duka hadi mwingine ili mvua isiwanyeshee watoto ni kuendesha.

Msamaha upo mmoja, nao ni mwembamba. Kifungu hakimgusi anayeendesha kwa lengo moja tu la kuokoa maisha au mali iliyo hatarini, pale ambapo kuita msaada haraka ni lazima. Mke kushikwa na uchungu huku simu ya 911 inafanya kazi ni hoja ambayo mwendesha mashtaka ataipinga, kwa sababu gari la wagonjwa lingeweza kuja. Kuchelewa kazini hakumo kabisa.

Polisi wanajuaje?

"Sijafanya kosa lolote barabarani, kwa nini nisimamishwe?" Swali hili tunaulizwa kila mara, na jibu lake limebadilika.

Mwaka 1979, katika shauri la Delaware dhidi ya Prouse, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba polisi hawezi kusimamisha gari lolote alipendalo ili tu aangalie leseni. Lazima awe na sababu. Uamuzi huo bado unasimama. Lakini mwaka 2020, katika shauri la Kansas dhidi ya Glover, mahakama hiyohiyo ilieleza sababu mojawapo inayotosha. Naibu mkuu wa polisi wa kaunti huko Kansas aliona gari dogo la mizigo likienda zake bila kosa lolote. Aliingiza namba za gari kwenye kompyuta yake. Kompyuta ikasema mwenye gari amefutiwa leseni. Hakuwa ameiona sura ya dereva; alikisia tu kwamba dereva ndiye mwenye gari, akalisimamisha, na kweli akawa ndiye. Majaji 8 kati ya 9 walisema kisio hilo ni la busara na halivunji Katiba. Jaji Sonia Sotomayor peke yake alipinga.

Kwa hiyo namba za gari lako zinatosha. Hapa Michigan askari huziingiza kwenye mtandao wa polisi akiwa nyuma yako kwenye taa, kabla hata ya kijani kuwaka. Na tazama jambo hili linavyowahusu wasio na hatia: gari likiwa limeandikishwa kwa jina la baba aliyefungiwa, mama mwenye leseni safi atasimamishwa akilitumia. Majaji walisema askari akiona wazi kwamba aliye kwenye usukani si mwenye gari, mathalani mwenye gari ni mzee wa miaka sitini na kitu na anayeendesha ni binti, shaka lake linaondoka. Usiku wa Januari, theluji inaanguka na kila mtu kavaa kofia hadi machoni, hayo hayaonekani kirahisi.

Ukisimamishwa, simama mahali salama, zima gari, weka mikono ionekane. Mpe leseni, kadi ya gari na karatasi ya bima. Sio lazima ujibu "unajua kwamba leseni yako imefungwa?" Watu wetu tumelelewa kuona kunyamaza mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu, kwa hiyo tunajieleza: "Ndiyo afande, najua, lakini nilikuwa nawahi kazini." Sentensi hiyo huandikwa kwenye ripoti, na mwendesha mashtaka huisoma. Unaweza kusema kwa upole kwamba ungependa kuzungumza na wakili kwanza. Usitoe jina la ndugu yako mwenye leseni. Hilo ni kosa jingine, na ni baya kuliko la kwanza.

Gari ni la nani, bima ni ya nani

Katika jumuiya yetu gari huazimwa kama sufuria ya harusi. Binamu ana usaili wa kazi, jirani anakwenda kuchukua mchele, kijana wa kwaya anawapeleka wenzake mazoezini. Ujue kwamba mwenye gari anayemruhusu, kwa kujua, mtu aliyefungiwa leseni aendeshe, anaadhibiwa sawa na dereva: siku 93, dola 500, na zaidi akirudia. Kuuliza "leseni yako iko sawa?" si kumdharau mtu.

Suala la bima ni pana, tutagusa mawili tu yanayoumiza. Kampuni nyingi hukubali kuiwekea bima familia kwa sharti kwamba mtu fulani mwenye rekodi mbaya aandikwe kuwa haruhusiwi kuendesha. Akiendesha gari hilo, kinga ya bima dhidi ya madai ya watu wengine inabatilika, na mwenye gari pamoja na dereva wanawajibika kwa mifuko yao. Pili, kuna wanaoacha kulipia bima mara leseni inapofungwa, halafu wanaendelea kutumia gari. Michigan ina mfumo ambao bima ya gari lako ndiyo inayokulipia matibabu ukiumia, bila kujali mwenye kosa. Mwenye gari lisilo na bima akiumia ndani ya gari hilo anapoteza haki ya malipo hayo. Tumeona bili za hospitali za nchi hii, hatutakuambia zaidi.

Madereva wa malori

Vijana wetu wengi wamejifunza kuendesha malori makubwa, na kwa familia nyingi leseni ya biashara ndiyo iliyojenga nyumba kijijini. Kanuni zinazowahusu ni za serikali ya taifa. Kuendesha gari la biashara wakati leseni yako ya biashara imefungwa au kufutwa kwa sababu ya makosa uliyoyafanya ukiwa na gari la biashara ni kosa kubwa, katika daraja moja na kuendesha ukiwa umelewa. Mara ya kwanza unaondolewa kwenye kazi hiyo mwaka mmoja. Kama ulibeba mizigo ya hatari, miaka 3. Mara ya pili ni maisha. Usikubali mwenye kampuni akwambie "malizia safari hii moja, tutashughulikia karatasi baadaye". Naye sheria inamkataza kukuruhusu kwa kujua, lakini usukani ulikuwa mikononi mwako.

Kwa wasio raia

Hapa uvumi ni mwingi kuliko ukweli, kwa hiyo tusogee polepole.

Kuendesha ukiwa umefungiwa leseni, peke yake, kwa kawaida si kosa la kumfukuzisha mkimbizi au mwenye kadi ya kijani. Anayekuambia kwamba umekwisha, anakutisha, pengine ili akuuzie huduma. Hatari inakuja kosa hili linapoungana na jingine. Mwaka 1999 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, katika shauri la Lopez-Meza lililotoka Arizona, iliamua kwamba kuendesha ukiwa umelewa huku ukijua leseni yako imefungwa ni kosa la uovu wa kimaadili. Makosa ya aina hiyo yanaweza kuleta kufukuzwa nchini. Ulevi wa kawaida, bodi hiyo ilisema, haukuwa katika kundi hilo. Kujua kwamba huna ruhusa ndiko kulikougeuza.

Kisha kuna uraia. Fomu ya N-400 inauliza kuhusu kukamatwa, kushtakiwa na kuhukumiwa. Jibu kwa ukweli. Kosa dogo lililotajwa huelezwa kwa hati za mahakama. Kosa dogo lililofichwa hugeuka kuwa uongo mbele ya ofisa, na uongo ndio unaokataliwa. Sheria inamtaka mwombaji awe na tabia njema kwa kipindi cha miaka 5, au 3 kwa baadhi ya waliooana na raia. Aliyetumikia jumla ya siku 180 au zaidi kifungoni kwa hukumu, ndani ya kipindi hicho, hawezi kuhesabiwa kuwa na tabia njema. Sasa rudi kwenye adhabu ya kosa la pili, mwaka mmoja, uone namna ambavyo mtu anayerudiarudia anaweza kuifikia idadi hiyo bila kumdhuru mtu yeyote.

Tangu mwaka 2010, kwa uamuzi wa shauri la Padilla dhidi ya Kentucky, wakili wa kesi ya jinai ana wajibu wa kumshauri mteja asiye raia kuhusu hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri kosa. Mwambie wakili wako siku ya kwanza: "Mimi si raia." Wengine huona haya kusema hivyo mahakamani wakidhani wanajichongea. Anachoambiwa wakili ni siri baina yenu.

Siku ya mahakama

Nenda. Hilo linatangulia mengine yote. Kwa anayekosa mara ya kwanza, mahakama siku hizi kwa kawaida husubiri saa 48 ajitokeze kabla ya kutoa hati ya kukamatwa. Baada ya hapo, kila askari atakayeingiza jina lako ataiona.

Omba mkalimani mapema, kwa kumpigia karani simu. Ni haki yako na mahakama ndiyo inayompanga. Taja ni Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu na mkalimani wa Zanzibar wanaweza kupishana kwenye neno ambalo kesi nzima inalitegemea. Usimtumie mtoto wako kukalimani. Mtoto wa miaka 12 anajua Kiingereza cha shule, hajui tofauti kati ya kukiri kosa na kutopinga shtaka, na si vizuri asimame kati ya mzazi wake na hakimu.

Kama huna uwezo wa kuweka wakili, omba uteuliwe mmoja, kwa kuwa kosa hili lina kifungo. Usikiri kosa kwenye korido ili uwahi kazini. Tunasisitiza kwa sababu tumeona watu wakifanya hivyo: wanaulizwa kama wanataka kumaliza leo, wanaitikia kwa adabu, na wameshahukumiwa.

Jambo lenye faida kuliko yote ni kuingia mahakamani leseni ikiwa imeshafunguliwa, au angalau ukiwa na risiti za ulipoanzia. Waendesha mashtaka wengi wa Michigan humkubalia dereva wa namna hiyo ashushiwe shtaka, mathalani liwe la kutokuwa na leseni mkononi alipoombwa kuionyesha. Hawalazimiki, na mwenye makosa ya awali au aliyefungiwa kwa ulevi asitegemee hilo. Kwa yule mama wa zamu ya usiku, mwenye tiketi moja ya mwendo kasi, risiti ndizo utetezi wake. Wakili wake anaweza kuomba tarehe isogezwe mbele ili apate muda wa kulipa.

Kuifungua

Anza kwa kujua ni nini hasa kilichokufunga. Agiza rekodi yako ya udereva kutoka ofisi ya Secretary of State. Mara nyingi ndani yake kuna zaidi ya sababu moja, kila moja na mahakama yake, katika kaunti tofauti. Kulipa moja hakufungui nyingine.

Pigia simu kila mahakama iliyotajwa. Uliza kiasi kinachodaiwa, na kama unaweza kulipa kwa awamu. Usiseme "sina pesa" ukakata simu. Sema unapata kiasi gani kwa wiki na unaweza kutoa kiasi gani. Jaji ana uwezo wa kupunguza baadhi ya gharama au kukubali kazi za jamii badala yake, lakini hawezi kumpunguzia mtu asiyeomba. Kwa tiketi zilizopuuzwa kuna ada ya dola 45 kwa kila moja juu ya faini yenyewe. Tangu mwaka 2021 jimbo pia limekuwa likiendesha siku maalumu za kliniki za leseni katika miji mbalimbali, ambako mawakili wa kujitolea na wafanyakazi wa ofisi ya leseni hukaa chumba kimoja na kukuchambulia rekodi yako bila malipo. Tarehe zake hutangazwa na ofisi hiyo. Nenda na mtu anayejua Kiingereza vizuri, na nenda mapema.

Wakati huo familia inahitaji mpango wa usafiri ulioandikwa, kwa sababu nia njema huisha siku ya tatu ya kusubiri basi kwenye theluji. Andikeni nani anampeleka nani, saa ngapi, petroli inachangiwaje. Zungumza na msimamizi wa kazi kuhusu kubadilishana zamu na mwenzako wa mtaa mmoja. Funguo za gari akae nazo mwenye leseni.

Mwisho ni ada ya kuirudisha leseni, kwa kawaida dola 125. Watu wengi waliokwisha kumaliza kila kitu hukamatwa hapa. Tarehe ya mwisho ya kufungiwa inafika, wanafurahi, wanaendesha, kumbe leseni iliyofungwa hubaki imefungwa hadi ada hiyo ilipwe na kuandikishwa, hata ikiwa kadi iliyo mfukoni haijaisha muda wake. Lipa, chukua risiti, kisha uliza tena ofisini kama hali yako kwenye kompyuta inasomeka kuwa halali. Ukiambiwa ndiyo, omba wakuchapishie karatasi inayoonyesha hivyo, uiweke ndani ya gari pamoja na kadi ya bima.